Mgonjwa wa sukari aliyeishiwa sukari

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na mbili ana sukari. Anameza metformin na glibenclamide, asubuhi na jioni. Majuzi alikuwa na maambukizi ya mkojo, duka la dawa wakampa Septrin. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, tulimkuta kakaa barazani, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita dada yake aliyefariki zamani. Tukadhani ni kiharusi. Wengine wakasema ni pepo, akaanza kusomewa. Jirani yetu ambaye ni nesi akampima, mashine ikaonyesha 2.1. Akamnywesha maji ya sukari, na baada ya dakika kama ishirini mama akawa mzima, anauliza kwa nini tumemzunguka. Usiku saa nane hali ikarudi vilevile. Sasa mgonjwa wa sukari anaishiwaje sukari? Na si tumeambiwa sukari ni sumu kwake? Ramadhani nayo inakuja, na mwenyewe hataki kusikia habari ya kutofunga.

Jibu: Marahaba mwanangu. Mpe mama pole, na kwa jirani yenu nenda kabisa ukamshukuru. Alipima kabla ya kukisia, kisha akampa sukari mgonjwa wa sukari bila kuogopa jina la ugonjwa. Hayo mawili hata hospitalini huwa tunayachelewesha.

Jina la ugonjwa ndilo linalotuponza. Tumezoea kusema "mama ana sukari" kana kwamba sukari ni mdudu aliyemwingia na anatakiwa kutolewa wote. Sukari ya kwenye damu ni chakula cha mwili, na hasa cha ubongo. Misuli ikikosa sukari inaweza kutumia mafuta, lakini ubongo hauna akiba ya maana. Unakula kile damu inacholeta, dakika kwa dakika. Ugonjwa wa mama ni kuzidi kwa sukari, na dawa anazomeza ni za kupunguza kilichozidi. Ila dawa haijui pa kuishia. Sukari ya 15 inamla mtu taratibu, kwa miaka. Sukari ya 2 inaweza kumuua siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kilichomwangusha mama si sukari yake, ni dawa yake. Na kati ya hizo mbili anazomeza, naitazama moja. Metformin kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Ikimezwa peke yake ni nadra sana kumshusha mtu. Glibenclamide ndiyo inayoshusha, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil. Inaliamuru kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kongosho likishaamriwa halisubiri chakula. Mama akinywa kidonge asubuhi kisha akala chapati mbili na maharage, insulini inakuta kazi. Akinywa kidonge kisha akaishia kikombe cha chai ya rangi kwa sababu mdomo ni mchungu na tumbo limejaa, insulini ileile inatoka na kukuta hakuna kitu. Nakuuliza, zile siku nne za homa, mama alikuwa anakula? Wagonjwa wengi wanaacha kula lakini hawaachi vidonge, kwa sababu wameambiwa wasiruke dozi hata siku moja.

Halafu ikaongezeka Septrin. Hapa nikupe historia kidogo, maana inaeleza mengi. Mwaka 1942, katika mji wa Montpellier nchini Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa. Baadhi yao wakaanza kutoka jasho, kuchanganyikiwa, wengine kupata degedege. Walipopimwa damu, sukari ilikuwa imeanguka. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaifuatilia ile dawa na kuonyesha kwamba inalifanya kongosho limwage insulini. Kutokana na uchunguzi huo ikazaliwa jamii nzima ya vidonge vya kisukari, na glibenclamide ni mmoja wa wajukuu. Septrin nayo ndani yake mna salfa. Ikikutana na glibenclamide, inalizuia ini kuivunja kwa kasi yake ya kawaida, na kwa mtu ambaye figo zake zimechoka inaweza hata yenyewe kushusha sukari. Ni sawa na kumwongezea mama dozi ya glibenclamide bila mtu yeyote kuandika hivyo kwenye kadi. Fluconazole, ile ya fangasi, ina tabia hiyohiyo. Ciprofloxacin na kwinini nazo ni za kuchunga. Simlaumu muuza dawa moja kwa moja, lakini nakuomba tangu leo, mama akienda kununua dawa yoyote, kadi ya kliniki iwe mkononi, na neno la kwanza liwe: "Nameza glibenclamide."

Swali lako la usiku wa saa nane ndilo lililonifanya nikae na barua yako kwa muda mrefu. Mlidhani yamekwisha, yakarudi. Si bahati mbaya. Maji ya sukari yanakaa kwenye damu saa moja, pengine mbili. Glibenclamide inafanya kazi hadi saa 24, na ini likishaivunja, vipande vyake bado vina nguvu ya kushusha sukari na vinasubiri kutolewa na figo. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye kisukari cha muda mrefu, figo mara nyingi zimepungua kasi, hata kama hajawahi kuambiwa. Dawa inabaki, inarundikana. Na kuna jambo la kusikitisha zaidi: ile sukari mliyompa, pamoja na kumwokoa, inalichokoza kongosho lililokwisha kuamriwa, nalo linaongeza insulini nyingine. Ndiyo maana mgonjwa anaamka, anacheka, anakula, kisha baada ya saa kadhaa anazama tena.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja ya wilaya, aliletwa mzee mmoja jioni, hajitambui, sukari 1.8. Tukamchoma dekstrosi, yaani maji ya glukosi, kwenye mshipa. Sindano haijaisha, mzee akafumbua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Wodi nzima ilifurahi. Wodi ilikuwa imejaa, nikamruhusu saa moja baadaye. Alfajiri wakamrudisha. Alikuwa amezimika tena usiku, na wanawe, wakikumbuka kwamba sukari ndiyo iliyomwamsha, walimmiminia chai ya sukari kinywani akiwa hajitambui. Chai ilikwenda mapafuni. Aliishi, lakini hakurudi kuwa yule mzee aliyeuliza viatu. Kosa lilikuwa langu, si la watoto wake, kwa sababu hakuna aliyewaeleza chochote. Tangu siku ile mgonjwa aliyeshushwa na vidonge vya jamii hii namlaza, tunampima kila baada ya saa chache, dripu ya glukosi mkononi, mpaka tuone siku nzima imepita bila kushuka. Familia ikinung'unika kwamba "mbona amepona", nawaomba radhi na bado namlaza. Nanyi mama akirudia tena, hata akiinuka baada ya maji ya sukari, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na vidonge vyake vyote mvibebe kwenye mfuko.

Sasa namna ya kulijua jambo hili likiwa bado mlangoni. Kwenye mashine za kwetu zinazosoma kwa mmol/L, chini ya 3.9 ni kushuka. Chini ya 3.0 ni hatari. Kama mashine yenu inasoma kwa mg/dL, namba hizo ni 70 na 54. Mwili kwanza unapiga kelele: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, kijasho chembamba, njaa ya ghafla, midomo inaingia ganzi. Kelele hizo zisiposikilizwa, ubongo wenyewe unaanza kuishiwa: mtu anakuwa mkali bila sababu, anapotea kwenye nyumba yake mwenyewe, ulimi unakuwa mzito, anaona viwili viwili, mwisho degedege na kuzimika. Wazee wengi wanaruka ile hatua ya kwanza. Unaona tu mama mpole amekuwa mkaidi, au amekaa barazani anamwita marehemu. Wengine hata mkono na mguu wa upande mmoja unalegea, na hata daktari anaweza kuandika kiharusi. Kumsomea Kurani mama yenu sina neno nalo, ni dua na dua ni njema, ila mmoja akisoma, mwingine achukue mashine. Mzee mwenye kisukari aliyebadilika ghafla anapimwa sukari kabla ya jambo lingine lolote.

Angalia pia kama anameza propranolol au atenolol kwa ajili ya presha. Hizo zinanyamazisha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho peke yake ndilo linalobaki kutoa taarifa. Na mtu anayeshuka mara kwa mara mwili wake huzoea, unaacha kutoa onyo, mpaka siku moja anashuka hadi 2 akiwa anasuka ukili na kuzungumza kama kawaida. Habari njema ni kwamba akikaa wiki kadhaa bila kushuka kabisa, onyo hurudi.

Upande wa pili, kuna mtu ambaye sukari yake imekaa 18 kwa miezi, ikianza kuteremka na kufika 7 anahisi kutetemeka na anakimbilia soda. Huyo hajashuka, mwili wake unashangaa tu, na siku kadhaa zikipita utatulia. Kipimo ndicho kinachowatenganisha hawa wawili. Ila kama mashine haipo au vipimo vyake vimeisha, usiende kuazima mtaa wa pili ukimwacha mtu anatoka jasho. Mpe sukari kwanza. Sukari ya dakika chache haitamdhuru hata kama ulikosea.

Kabla ya kutoboa kidole, mnawishe mikono na umkaushe. Nimeshaona mtu aliyetoka kumenya embe, kidole kina utamu, mashine ikasema 9 wakati damu yenyewe ilikuwa chini ya 3.

Kiasi cha kumpa ni gramu 15 hadi 20 za sukari inayoingia haraka. Kwa vitu vya nyumbani: vijiko vinne vya chai vya sukari, bila kilele, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji. Au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Ile isiyo na sukari haitasaidia chochote. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Glukosi ya unga ya dukani ni nzuri zaidi ya vyote. Msimpe chokoleti wala maziwa kama dawa ya kwanza, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia. Andazi halitoshi, linahitaji muda tumboni. Subirini dakika 15, mpimeni tena. Bado chini ya 3.9? Rudieni kiasi kilekile. Ikipanda, ndipo ale chakula cha kushikilia: muhogo, ndizi, chapati, wali, chochote kilichoko jikoni. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanayoisahau, na ndiyo inayoamua kama usiku utakuwa wa amani.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, kinywani hakiingii kitu. Si chai, si asali, si maji. Mlazeni ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo ili apumue, tafuteni usafiri na mwende hospitali. Pale atapewa glukosi ya mshipani, au sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kama ipo.

Kisha dawa yenyewe. Dozi inayofuata ya glibenclamide ishike, usimpe, mpaka mmuone daktari, na iwe leo au kesho, si tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Dozi moja au mbili zikikosekana, sukari itapanda kidogo na haitamletea madhara. Dozi moja ikizidi tumeshaona ilichofanya. Metformin aendelee kama anakula vizuri na hatapiki. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeweka wazi kwamba glibenclamide haifai kwa waliopita miaka 60, na gliclazide ndiyo iliyochukua nafasi yake tangu orodha ya mwaka 2013. Lakini glibenclamide ni rahisi na inapatikana kila kona, kwa hiyo bibi na babu zetu wanaendelea kupewa. Nasema hivi nikijua wenzangu watasoma: mzee mwenye miaka 71 aliyeshuka sukari hivi mara mbili ndani ya saa 24 asirudishiwe kidonge kilekile eti kwa sababu ndicho kilichopo kabatini.

Muombe daktari apime figo za mama, kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, kabla ya kuchagua dawa mpya, kwa sababu hata metformin ina kikomo figo zikishuka sana. Huenda akabaki na metformin peke yake. Huenda akapewa gliclazide dozi ndogo, ambayo nayo inaweza kushusha, ila kwa upole zaidi. Mkiwa na uwezo, ziko dawa kama sitagliptin au dapagliflozin, ambazo zenyewe peke yake ni nadra kumshusha mtu. Muulize pia kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, na lengo lake kwa mama ni lipi. Ikiwa wanamkazania afike chini ya asilimia 7 kama kijana wa miaka 40, waambie alichopitia. Mwaka 2008 jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililoitwa ACCORD, lenye watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha ukubwani, lilisimamisha mkakati wake wa kushusha sukari kwa nguvu, kwa sababu kundi lililosukumwa chini ya asilimia 6 lilikuwa linakufa zaidi ya lile lililolegezewa. Kwa mzee mwenye maradhi kadhaa, asilimia karibu na 8 ni lengo la heshima kabisa. Mama asione haya kwa namba hiyo, na asikemewe kliniki.

Kuhusu Ramadhani. Najua kwa mama wa Tanga kufunga si jambo la ratiba ya chakula. Ni miaka sitini ya kufunga, ni daku na wajukuu, ni tarawehe. Kwa hiyo sitamwambia tu "usifunge" nikaondoka. Miongozo ya wataalamu wa kisukari na Ramadhani inamweka mtu aliyeanguka vibaya kwa kushuka sukari ndani ya miezi mitatu kabla ya mwezi kuandama katika kundi la hatari ya juu kabisa, wale wanaoshauriwa wasifunge. Mama yumo humo. Kurani yenyewe, sura ya pili, imempa mgonjwa ruhusa, na fidya ipo kwa asiyeweza kulipa siku zake. Mchukue mama mwende pamoja kwa sheikh anayemwamini, na ukimweleza sheikh usipunguze habari: mwambie 2.1, mwambie alimwita marehemu, mwambie ilirudi saa nane za usiku. Mara nyingi mama zetu husikia kwa sheikh kile walichokataa kwetu.

Ikiwa dawa itabadilishwa mapema, akae wiki nyingi bila kushuka, na daktari wake aridhike, tunaweza kuzungumza tena mwaka unaofuata. Kwa wasomaji wengine wanaofunga na kumeza vidonge: dozi kubwa huhamishiwa futari, ya daku hupunguzwa, na hilo hupangwa na daktari wiki kadhaa kabla. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi. Namba ikiwa chini ya 3.9, hata ikiwa imebaki nusu saa kwa magharibi, mtu anafungua hapohapo. Si kusubiri adhana.

Wanaochoma insulini wana mitego yao mingine, kama kuchoma palepale kila siku mpaka ngozi inafanya bonge na dawa inaingia ovyo. Hayo yanastahili barua yake. Wanaolima wale kabla ya kushika jembe. Wanaokunywa pombe wajue kwamba inalizuia ini kutoa sukari, na mlevi anayeshuka sukari watu humwacha alale wakidhani ni pombe tu. Na dawa za asili za "kumaliza sukari", hasa zile za unga zisizo na maelezo, ziwekwe mbali na mama kabisa. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari, na wanne wakafariki, kwa sababu ya dawa haramu, nyingi zikiwa za nguvu za kiume, zilizokutwa zimechanganywa na glibenclamide. Unga ukishusha sukari kwa kasi ya ajabu, mimi nawaza hilo kwanza.

Usiku wa leo, weka kando ya kitanda cha mama glasi, chupa ya maji na kopo dogo la sukari lenye kijiko ndani. Mashine ikae hapohapo. Mpime kabla hajalala. Ikiwa chini ya 6, ale kitu. Weka saa ikuamshe saa nane umpime tena. Akiamka shuka limelowa, au anaweweseka, au asubuhi kichwa kinamgonga, andika. Fanya hivyo wiki nzima kwenye daftari moja, namba, saa, na alichokula, na mkienda kwa daktari daftari hilo litangulie mezani kabla hamjakaa.